Panya Wanaolia Wakihamia Nyumba Mpya

DJ anayetafsiri filamu hapa Karatu amekiri kwangu leo mchana: alibadilisha maneno.

Ni katuni ya zamani ya panya. Kijiji chao kinaungua, wanabeba vyombo, na sauti ya DJ inachangamka: "Wanahamia nyumba mpya, watoto!"

Binti yangu Neema, miaka tisa, ameitazama mara nyingi. Leo akaniuliza:
"Mama, mbona wanahamia nyumba mpya huku wanalia?"

Tukaenda dukani kwa DJ kumuuliza.

"Dada mwandishi, si panya tu hao?" DJ akacheka peke yake.

Nikamwomba atuwekee sauti ya Kiingereza. Panya mzee anasimulia vita vilivyotokea kweli, na watu waliofukuzwa makwao.

DJ akazima.
"Bibi yangu alihamishwa hivyo hivyo. Sikuweza kuyatamka."

Nilidhani ni uvivu. Nilikosea.

"Basi usiseme nyumba mpya," Neema akamwambia. "Mimi nilikuamini."

(Nanyi mliokua mkitazama katuni hizi, mliambiwa wanahama?)

DJ anarekodi upya Jumamosi saa nne asubuhi. Neema amesema atakaa pale pale, asikilize neno kwa neno.