Susu ya Panya Wawili

Mama alipomaliza eda ya baba, nilimleta kwangu Mwabungo. Maisha yake yote alikuwa ameishi kijijini, bara ya Msambweni, na katika nyumba yangu hakuna alichokizoea isipokuwa mimi. Kila akimaliza kusali adhuhuri alikuwa akiketi baraza ya nyuma, anaitazama mivinje ikiyumba. Nikimwuliza anawaza nini, hunijibu, "Siwazi kitu. Nimekaa tu."

Chumba kimoja nilikuwa nimempangisha mwalimu, msichana aliyetoka bara. Alifuga panya wawili weupe, majike, ndani ya ndoo kubwa ya plastiki. Mimi nilijua, mama hakujua. Kisha mwalimu akahamishwa shule, na huko alikokwenda angekaa kwanza kwa watu. Akaja barazani na ndoo yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, naomba niwaache hawa kwenu hadi nipate nyumba."

Mama akachungulia, akarudi nyuma hadi ukutani. "Panya? Mimi nimepigana na panya tangu niolewe. Wamenilia mahindi darini, wamenitoboa magunia, wamenitafunia leso ya harusi. Leo waniletea wengine kwa mkono wako?"

"Hawa wamezaliwa ndani, bibi. Hawajui kuiba. Wako poa kabisa."

Mama akanitazama mimi, kisha akasema wakae huko huko nje, na mahali pake pa kusalia wasipakaribie. Mwalimu akamshukuru mara tatu, akaondoka.

Ilikuwa kaskazi, wakati ambapo mchana hewa husimama na hata kunguru hunyamaza. Siku moja nilitoka jikoni nikamkuta mama ameinama juu ya ndoo. Panya walikuwa wamejinyoosha chini kama vitambaa vilivyoloa, ubavu ukipanda na kushuka mbio mbio.

"Watakufa hawa," alisema. "Ndoo haina pumzi."

Nikaenda kwa seremala wa Kombani anitengenezee tundu. Alicheka sana, lakini alilitengeneza vizuri: fremu ya mbao, wavu wa matundu madogo pande zote, na rafu mbili za kupandia. Mwalimu aliniambia kwa simu sakafu isiwe ya waya, kwani nyayo zao zingetoka vidonda, basi tukaweka ubao. Seremala akanipa na gunia la maranda ya mbao ya kutandika. Yalinukia baraza nzima. Tulilala tumefurahi, kumbe tumekosea. Kulipokucha panya walikuwa wakipiga chafya, na puani wana kitu chekundu.

"Wanatokwa damu!" nikamwambia mwalimu kwenye simu, karibu nilie.

"Si damu. Ni kamasi zao, huwa nyekundu. Ondoeni maranda, yanawasumbua kifua. Wekeni karatasi na vitambaa laini."

Mama alisikia yote. Akaingia chumbani kwake, nikasikia kifuniko cha sanduku kikifunguliwa. Sanduku lile lilikuwa la baba, na tangu lifike kwangu halikuwa limeguswa. Alitoka na kikoi cha baba cha kulalia, cha mistari ya kijani iliyofifia, akaketi mkekani na mkasi.

"Mama, hicho si..."

"Ndicho. Kimechakaa. Kimekuwa laini."

Akakata bila kusitasita. Vipande vingine alivitandika chini, na kimoja kikubwa alikishona pembe zote nne kwa kamba nyembamba, akakitundika ndani ya tundu kikaning'inia. Nikatambua anachofanya. Ilikuwa susu, kama ile aliyokuwa akiitundika jikoni kwao kuwekea vyakula panya wasivifikie. Naye aliona ninavyoitazama, akaziba mdomo kwa ukaya wake wa kichwani, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba.

Panya walipanda humo jioni ile ile, wakalala mmoja juu ya mwingine.

Toka hapo mchana wetu ukawa na usingizi wa namna yake. Mama alikilaza chungu kimoja ubavu, akakinyunyizia maji kwa nje, kikawa chumba chao cha baridi. Tundu tulilisogeza pale upepo wa baharini unapokata kona ya nyumba. Yeye hulala mkekani, wao katika kikoi, nami kitini na mshono wangu mapajani. Mwanga ulipita kwenye wavu ukaanguka juu ya miguu yake kama maji yanayotembea, na mara nyingine sikujua kama niko macho. Mchana mmoja aliamka akaketi ghafla.

"Nimemwota baba yako. Amelala kwenye susu, miguu imetoka nje. Aniuliza, 'Nani aliyekata kikoi changu?'"

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia ni mimi. Akasema, 'Basi ungenishonea ndefu.'" Akajilaza tena, akalala.

Shule zilipofungwa mwalimu alikuja kuwachukua panya wake. Mama alimwandalia chai na mahamri, wala hakuligusia jambo la panya hadi mwisho.

"Huko kwako kuna upepo?"

"Chumba ni cha mabati, bibi. Mchana ni moto."

"Aa," mama akasema, akamwongezea chai.

Mwalimu alikaa mbele ya tundu muda mrefu, kidole kimepita kwenye wavu, panya mmoja anakilamba. Kisha akachukua mkoba wake na kuniomba nimsindikize barabarani. Mbali na mkoba huo, mikono yake ilikuwa mitupu. Njiani alilia kidogo, akasema ni sawa.

Panya hawaishi sana. Wa kwanza alikufa kwa uzee, katika susu, na mama aliyekuwa akikunja nguo zake asiguswe nao alimzika mwenyewe chini ya mpera. Wa pili alibaki mpweke, mama akawa anampakata alasiri nzima, kisha anatawadha upya kwa ajili ya magharibi. Huyo naye alipokufa, mama alikifua kila kitambaa, akalisugua tundu kwa maji ya moto na kulianika juani.

"Mpigie mwalimu," aliniambia. "Mwulize kama huko aliko wanapatikana wengine. Na wawe wawili. Mmoja peke yake si vizuri."