Mkanda Uliobaki Tabora

Babu yangu alitutawala msimu mzima kwa sinema ambayo alikuwa hajauona mwisho wake.

Nasema alitutawala, na wala siongezi chumvi. Kabla ya sinema hiyo alikuwa mzee wa kawaida wa upande wa Maganzo: ana ng'ombe wake, ana shamba lake la pamba, ana koti zito la kijeshi alilorudi nalo kutoka vita ya Wazungu, ambalo alilivaa hata siku ambazo mbuzi wenyewe walikuwa wanatafuta kivuli. Alikuwa anafoka asubuhi na kusahau mchana. Mimi, mjukuu wake wa kwanza, aliniita mke wangu, kama mababu wote wanavyofanya kwetu. Bibi aliniita mke mwenza, na kila siku tuligombania mume kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika yote hapa. Huo ndio utani wa babu na mjukuu, na ulikuwa na kazi yake. Baba yangu na baba zangu wadogo hawakuthubutu kumwambia mzee kwamba amekosea. Mimi nilimwambia huku nacheka, naye akanijibu huku anacheka, na jambo likarekebishwa bila mtu kuaibika.

Siku yenyewe tulikwenda Shinyanga mjini kutafuta tairi la baiskeli. Tulikuwa wanne: babu, baba, baba mdogo na mimi. Tairi halikupatikana, maana miaka ile hakuna kilichopatikana, na lori la kuturudisha lilikuwa la jioni. Jua lilikuwa kali. Baba mdogo, ambaye alikuwa hodari wa kumshauri babu mambo ambayo yeye mwenyewe anayataka, akasema ukumbi wa sinema una mapangaboi. Tukaingia.

Mimi nilikaa karibu na babu ili nimtafsirie. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na nyumbani waliamini kwamba aliyefika kidato cha nne anaelewa kila anachokisema Mzungu. Wazungu wa picha ile walikuwa wanaongea huku wanatafuna. Nilitafsiri nilichokielewa, na palipokuwa pagumu nilisema, "Wanasalimiana." Babu akasema, "Watu wa heshima sana hawa. Muda wote wanasalimiana."

Picha ilikuwa ya mzee mmoja tajiri wa barafu. Mji mzima ulikuwa unanunua barafu kwake, na asiyenunua alijuta. Alikuwa na watoto, wapwa na wajukuu tele, wote wamevaa suti. Kila aliyeingia chumbani kwake aliinama na kubusu pete yake. Mzee alikaa kwenye kiti kikubwa, gizani, mapazia yamefungwa, na nyuma yake alisimama mpwa mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kumnong'oneza sikioni. Hakuna aliyepaza sauti. Hakuna aliyecheka. Kisha mmoja wa watoto akataka kuhamia mji mwingine akaanze biashara yake. Mzee akamtazama tu. Mara tukamwona kijana yule amelala katikati ya mabonge ya barafu, amekakamaa, nyusi zimekuwa nyeupe.

Ukumbi mzima ukapiga kelele. Babu peke yake ndiye aliyetikisa kichwa taratibu.

"Aliondoka bila kuaga," akasema.

Baba yangu alikuwa amekaa upande wa pili wa babu. Nilimwona anameza mate.

Hapo taa zikawaka. Mwenye ukumbi akasimama mbele, akatuomba radhi kwamba mikanda ya picha huletwa kwa treni, na kwa bahati mbaya mkanda wa mwisho umebaki Tabora. Watu wakataka kuvunja viti. Babu hakuwa na malalamiko. Kwa upande wake picha ilikuwa imekwisha vizuri: mzee yuko kwenye kiti chake, mkaidi yuko kwenye barafu.

Ili mnielewe, niseme kwa nini baba alimeza mate. Baba alitaka kuhama. Shamba letu lilikuwa limechoka na malisho yalikuwa hayatoshi, na rafiki yake aliyekuwa amehamia Runzewe, huko magharibi upande wa Geita, alimpelekea habari kwamba kule ardhi bado ni nyeusi na mahindi yanamzidi mtu kimo. Baba alizungumzia mahindi tu. Mama alijua, na sisi tulijua, kwamba alikuwa amesikia pia habari za dhahabu. Lakini kwetu mtoto mkubwa haondoki hivi hivi akabeba masufuria. Baba yake lazima achanganye maji na unga wa mtama, ayajaze mdomoni na kuwapulizia wanaoondoka, kifuani na usoni. Ukiondoka mkavu, ng'ombe hawazai huko, na watoto wanaumwa. Baba alikuwa ameshaomba. Babu alikuwa karibu kukubali. Ilibaki siku ya kupanga tu, maana ilibidi tufike kabla ya mvua za kwanza tuwahi kulima.

Jumapili iliyofuata babu akaamuru kiti cha mninga chenye mikono, kilichokuwa cha wageni, kiingizwe chumba cha ndani. Dirisha likafungwa. Akavaa koti la jeshi. Pete hakuwa nayo, lakini ghalani kulikuwa na plau, na kwenye plau kulikuwa na washa, kile kichuma cha duara chenye tundu kinachokaa chini ya nati. Ikamwenea kidole gumba. Tukapangwa mstari kwa umri, tukaingia mmoja mmoja kubusu washa ya plau. Ilikuwa na ladha ya kutu na grisi, na nyanya yangu wa upande wa mama, aliyekuja kututembelea tu, naye akaibusu kwa kudhani ni mambo ya dini.

Baba mdogo alijiteua kuwa mnong'onezaji. Alisimama nyuma ya kiti muda wote, na kwa kuwa nyumbani kwetu hapakuwa na siri za kutosha kwa kazi hiyo, ilimbidi anong'oneze chochote. Aliinama sikioni kwa babu, uso umekunjamana, na sisi tukamsikia wazi: "Ugali umeiva." Babu alifumba macho, akafikiri, halafu akainua kidole kimoja. Ndipo tulipokula.

Hayo yangekuwa ya kuchekesha kama si mambo mawili. La kwanza, alipiga marufuku utani. Nilipoingia mara ya kwanza nilimwambia, "Mume wangu, utafia humo ndani kwa joto, mimi na mwenzangu tubaki wajane." Hakucheka. Aliniuliza kama kwenye sinema nilimwona mtu yeyote anamtania mzee. Nikasema sikumwona. "Basi," akasema. Nilitoka nje, nikaketi na bibi jikoni, na kusema kweli nililia. Sikujua hadi siku ile jinsi nilivyompenda mzee yule mkorofi.

La pili lilikuwa baba. Kila Jumapili aliingia, akapiga goti, akabusu washa, akasema, "Shikamoo baba." Babu akamjibu, "Marahaba. Umekuja kula, au umekuja kuondoka?"

"Kuondoka, baba. Naomba maji."

"Kula kwanza."

Na baba akala, na Jumapili ikapita. Ikaja nyingine, akaulizwa vilevile, akajibu vilevile, akala. Mwanaume mwenye mvi, baba wa watoto sita, akawa anaomba ruhusa kama mwanafunzi anayetaka kwenda chooni. Mama alishafunga mizigo na kuifungua ili apate sufuria, akaifunga tena. Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa ziwa. Kwa mara ya kwanza baba akasema, kwa sauti ndogo, kwamba ataondoka mkavu. Mama aliweka mwiko chini. Alisema yeye na watoto wake hawatoki hapo wakavu, na kama baba anataka aende akalime peke yake.

Bibi ndiye aliyetuokoa, ingawa yeye alidai alikuwa ameudhika tu. Gari la matangazo lilipita barabarani na kipaza sauti, likasema ile picha ya mzee wa barafu imerudi mjini, safari hii na mikanda yake yote. Bibi akaingia chumba cha giza bila kubusu chochote.

"Wewe unaongoza nyumba hii kwa sinema uliyoiona nusu," akamwambia. "Kesho tunakwenda kuiona yote, nami nakuja. Nataka kumwona mke wa huyo mzee, maana hujawahi kumtaja."

Babu akakubali haraka. Nadhani alitaka kuona mwenzake anavyozidi kung'ara. Tulikwenda karibu ukoo mzima, juu ya lori lililokuwa limepakia pamba, na babu akakaa mbele na dereva akiwa na koti na washa.

Mwanzo wa picha babu alikuwa ndiye mtafsiri. Aliwaeleza watu wa mstari mzima nani ni nani, na pale palipokuwa pagumu akasema, "Wanasalimiana." Bibi akauliza mke yuko wapi. Akaambiwa ameshafariki. Bibi akaguna.

Kisha ukaja mkanda uliokuwa umebaki Tabora.

Mzee wa barafu anaandaa karamu. Meza ndefu, vitambaa vyeupe, viti vingi hadi mwisho wa chumba. Anakaa kwenye kiti chake, anangoja. Hakuna anayekuja. Wote wanamwogopa, na anayemwogopa mtu hapiti kwake kama hakuitwa kwa nguvu. Mpwa wa kunong'oneza ndiye aliyeuza biashara yote. Katikati ya meza kuna ndege mkubwa aliyechongwa kwa barafu, na ndege anayeyuka, maji yanatiririka mezani hadi kwenye mapaja ya mzee. Mzee anamwomba mhudumu akae ale naye. Mhudumu anatazama saa yake. Picha inakwisha mzee amefia kwenye kiti, na wanaokuja asubuhi wanaanza kwa kumvua pete.

"Steringi amekufa!" mtu mmoja akapiga kelele nyuma, kwa hasira, kama aliyeibiwa, maana kwetu steringi, mkubwa wa picha, hafi.

Baba mdogo, kwa mazoea, akainama amnong'oneze kitu. Babu akamgeukia, akamtazama muda mrefu sana, na baba mdogo akarudi kwenye kiti chake akakaa.

Wakati wa kurudi babu alikataa kukaa na dereva. Alipanda nyuma, kwenye mabaki ya pamba, karibu yangu. Tulipokaribia Maganzo akasema, "Mke wangu."

Nilishtuka. Nikaitika.

"Yule mzee hakuwa na wajukuu?"

"Alikuwa nao," nikamwambia. "Wote walikuwa wanambusu pete."

Akavua koti. Nilikuwa sijawahi kumwona akilivua nje ya nyumba. Mikono yake ilikuwa myembamba kuliko nilivyodhani.

Asubuhi kulipopambazuka alikuwa uani na kibuyu cha maji na unga wa mtama. Baba alipotoka ndani akakuta mzee ameshajaza mdomo, mashavu yamevimba, hawezi hata kujibu shikamoo. Akampulizia. Akajaza tena, akampulizia mama, kisha sisi sote, kisha akarudia kwa baba, mpaka baba akawa amelowana kuanzia nywele na unga unamtiririka puani. Bibi alisema ng'ombe wetu wakizaa kwa kadiri ya maji yale, Runzewe nzima haitatosha. Babu akampulizia bibi naye kidogo.

Halafu akaitoa plau ghalani, akairudishia washa yake mwenyewe kwa spana, akaikaza. "Utalima na nini huko?" akamwuliza baba. Hiyo ndiyo ilikuwa kwaheri yake. Baba akasema wabeja, asante ya kwetu, akasema tena wabeja.

Tulihama, na mahindi kweli yalitupita kimo. Dhahabu hatukuiona. Babu alitutembelea mara nyingi, bila kuitwa, na kila alipofika alilalamika kwamba ardhi yetu ni nyeusi mno inamchafulia koti.

Miaka ikapita, zikaja habari kwamba amefariki usingizini. Kwetu msiba wa babu ni kazi ya wajukuu: wengine wanalia, sisi tunaigiza, tunamcheka marehemu ili apate kuondoka bila kinyongo. Kabla hatujapanda basi nilichukua spana nikaifungua washa kwenye plau.

Nilipofika nilivaa koti lake. Nilikitoa kile kiti cha mninga uani, mbele ya waombolezaji wote, nikakaa, nikanyoosha kidole gumba. Kwanza watu wakatazamana. Kisha bibi, akiwa mkekani na khanga kichwani, akaanza kucheka huku anafuta machozi, na baba mdogo, ambaye naye alikuwa na mvi sasa, akaja akasimama nyuma yangu, akaniinamia sikioni. "Ugali umeiva," akasema. Wakapanga mstari, wakubwa kwa wadogo, wakabusu kutu.

Baba alikuja wa mwisho. Akapiga goti vumbini.

"Shikamoo baba," akasema.

Nikajaribu kuifanya sauti yangu iwe nzito. "Marahaba. Umekuja kula, au umekuja kuondoka?"

Baba alinishika mkono, akauweka usoni kwake, na hakuubusu. Watu walikuwa bado wanacheka.

"Nimekuja kula, baba," akasema, na akalia, nami nikamwachia mkono wangu mpaka alipomaliza.