Amina Iliyowahi

Juzi Kihesa tulikwenda kumfariji mama aliyefiwa na mumewe. Tangu mazishi alikuwa hajatia kitu mdomoni. Rafiki yake akamwekea ugali wa moto mbele, lakini mzee wa kanisa akasema tuombe kwanza. Akaombea wajane wa dunia nzima, mvua, serikali, hata barabara ya Idodi, ambayo kweli inahitaji maombi. Ugali ukapoa. Mzee alipovuta pumzi tu, yule rafiki akapaza sauti: "Amina!"

Kwa mazoea, sote tukaitikia na kufumbua macho.

"Mama, sijamaliza!"

"Mungu ameshasikia, baba. Mwache mwenzangu ale."

Mfiwa akacheka, akanawa, akamega tonge.

Mzee bado analalamika kwamba sala yake ilikatizwa. Mimi nilikuwepo. Ilijibiwa.