Mfumo Mpya na Dakika Tatu za Isale

Mwaka ule nilichoka na kompyuta kabla sijachoka na watu. Nina studio ya chumba kimoja mtaa wa Pasua, nyuma ya duka la vitenge, ninakohariri video za harusi, misiba na kipaimara. Programu ninayofanyia kazi ilitoa toleo jipya, likaniambia mfumo endeshi wangu umepitwa na wakati. Nilikaa nikautazama ule ujumbe. Nimeshazoea kila kitufe kilipo, halafu nianze upya kama mwanafunzi!

Nikaomba ushauri, nikajiongezea kichwa kuuma. Mwenzangu anayepiga video za harusi Sanya Juu akasema nihamie Mac, hakuna mjadala. Fundi wa mtaani akasema nibaki na Windows, ila nitafute mashine nyingine. Binti wa kaka yangu, anayesoma chuo, akasema, "Shangazi, weka Linux. Ni bure, nyepesi, na hiyo programu yako ipo kule." Kila mmoja aliongea kama anahubiri dini, na mimi dini ninayo, inanitosha. Nilichotaka ni video icheze bila kukwama.

Nikachagua Linux, kwa uchovu zaidi kuliko kwa busara. Ilibidi diski yote ifutwe. Video zilizokamilika nikazihamishia kwenye diski ya nje. Picha ghafi, zile ndefu kama zinavyotoka kwenye kamera, nikaona zinajaza nafasi bure. Wenyewe walishachukua kazi zao. Nikabonyeza, zikaenda. Mfumo mpya ulifanya kazi vizuri, na kwa wiki mbili nilijiona mjanja.

Ndipo akaja bibi mmoja kutoka Kirua Vunjo, na ndizi kwenye kikapu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kukusumbua."

Nilimkumbuka. Nilipiga video ya kipaimara cha mjukuu wake, mtoto wa binti yake. Siku ile, katikati ya sherehe, aliingia mdogo wa mumewe. Ndugu hao wawili walikuwa hawasemeshani miaka mingi kwa sababu ya mpaka wa kihamba, shamba lao la migomba na kahawa. Yule mdogo alishika jani la isale, lile refu la kijani linalopandwa mipakani. Bibi akanieleza nisichokijua siku ile: kwa Wachaga, anayekuletea isale anaomba msamaha, na huwezi kumfukuza. Kaka mtu akalipokea.

Sasa wazee wote wawili wamekufa, na watoto wao wamefufua ugomvi wa mpaka. Kikao cha ukoo kilipangwa Jumamosi.

"Wanangu wa kiume walikuwa Dar, hawakuona," bibi alisema. "Waliokuwepo wakieleza, wanaambiwa wamenunuliwa kwa pombe ya mbege. Kwenye ile video sehemu ya isale haimo. Nikawaambia, ngojeni, yule mama wa Pasua anayo."

Haikuwamo kwa sababu niliikata mimi. Mama yangu wa Tanga, baba wa Kondoa. Isale kwangu lilikuwa jani la uzio. Niliona wazee wawili wamesimama na jani, dakika tatu nzima, hakuna muziki, hakuna anayecheza. Nikaruka moja kwa moja hadi kwenye ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma.

"Bibi, nimeifuta."

"Umefuta nini?"

"Zote. Nilikuwa nabadilisha mfumo wa kompyuta."

"Mfumo ndio nini?"

Nilijaribu kumweleza. Maneno yote niliyoyasikia kwa wale washauri wangu hayakufaa kitu mbele yake. Bibi akaziweka ndizi mezani, akachukua kikapu chake.

"Haya, mwanangu," akasema, akaondoka. Heri angenitukana.

Jumamosi asubuhi nilipanda Kirua. Niliomba jani la isale kwenye nyumba moja kando ya barabara, na mwenye nyumba hakuniuliza la nini. Uani kwa bibi nilikuta ukoo umekaa, wanawe benchi hili, binamu zao benchi lile, katikati hapapiti mtu. Nikajifunga ushungi vizuri, nikasimama mbele yake, nimelishika jani kwa mikono miwili. Sikujua kinachotakiwa kusemwa.

Bibi hakulipokea. Alinitazama tu. Minong'ono ikakatika benchi moja, kisha la pili. Mikono ikaanza kuniuma, nikatamani kuishusha, nikaogopa. Nilifikiri atanigeuzia kisogo, desturi au si desturi, na ingekuwa haki yake. Macho yake yalijaa machozi, yakakauka, yakajaa tena. Kisha akanyoosha mkono, akalichukua.

Akawageukia wanawe.

"Mmeona mtu anavyokawia kulipokea?" akasema. "Baba yenu alikawia hivi hivi. Halafu akalipokea."