Fisi Mwenye Alama Tumboni

Fisi alikuwa wangu. Nilimchora mimi, mgongo umeinama, jino moja nje, akingoja kwenye mraba wa arobaini na moja ili amrudishe mchezaji mwanzo. Mchezo wenyewe niliubuni miaka ya themanini ikianza, juu ya vipande vya plaiwudi: unatoka nyumbani na mtungi mtupu, unatupa dadu mpaka ufike kisimani, na vizibo vya soda ndio watu. Niliuuza Migwani siku za soko. Watoto wangu wanne walisoma kwa jino la huyo fisi.

Siku moja nikamkuta kwa mwanamume mwingine, mgeni kutoka Kathonzweni, aliyetandaza gunia hatua ishirini kutoka kwangu. Mbao ishirini na tatu za mchezo wangu. Nikahesabu tena: ishirini na tatu. Kila jino lilikuwa mahali pake.

"Umemtoa wapi huyu?"

"Msituni, mzee. Ama wako ana kitambulisho?"

Watu wakacheka. Nikamwita naibu wa chifu, naye akanisikiliza kama mtu anayeonyeshwa mbuzi mgonjwa.

"Mbao zako ziko?"

"Ziko."

"Zote?"

"Zote."

"Sasa kimeibiwa nini?"

Sheria ya picha hakuijua, na mimi sikuijua. Lakini baba yangu alikuwa mtu wa nyuki. Kwetu mzinga hukaa juu ya mti mwaka mzima bila mlinzi. Unalindwa na alama ya ukoo iliyochongwa ubavuni. Anayetia mkono kwenye mzinga wenye alama ya wengine hupelekwa kwa wazee, na harudi na jina zuri. Kwa hivyo tangu mwanzo kila fisi wangu nilimtia alama yetu tumboni, mistari mitatu na duara, ndani ya manyoya.

"Muulize ni wa ukoo gani," nikamwambia naibu.

Mgeni akataja wake, si wetu. Nikainua mbao zake moja moja, nikiweka kidole kwenye alama yetu tumboni. Kicheko kikaisha. Mama muuza maharagwe, aliyecheka kuwashinda wote, akasema polepole, "Huyu ameingia mzinga wa watu."

"Mimi nilifuata mistari tu kwa karatasi ya kaboni," akasema mgeni.

Naibu akaagiza wembe. Yule bwana alikaa hapo akikwangua matumbo ishirini na tatu, nami nikihesabu.

Soko lililofuata alirudi na mbao zake. Wateja waliinua ubao, wakatazama tumbo kwanza. "Huyu ana kidonda. Mimi nataka mzima."

Mwishowe akaja kwangu na ubao mtupu. "Ndugu yangu, nichoree mmoja asiye na alama. Taja bei."

Sijawahi kukataa kutaja bei, hata ya kitu nisicho nacho. Siku hiyo nilimpa penseli. "Chora wako."

Akaishika kitambo. Akachora masikio mawili, kisha akageuza shingo kumtazama fisi wangu. Nikamfunika fisi kwa gunia langu.