Ndege Waliomharibia Magokoro Jina

Hebu niambie wewe: nikikuonya paa lako linavuja, halafu mvua inyeshe ulowe, mimi ndiye nimeleta mvua?

Nilipokuwa mtoto huku Nyansiongo, jibu lilikuwa ndiyo.

Tulikuwa na bwawa lililoachwa na masetla. Katikati palikuwa na kisiwa chenye miti, na kila msimu yangeyange walijenga viota pale mpaka miti ikawa kama imeanikwa shuka. Bibi yangu, Magokoro kama tunavyomwita, alisema ndege hao wana chinsoni, ile heshima yetu inayomzuia baba kuingia nyumba ya mwanawe aliyeoa.

"Mtu wa nchi kavu akifika kiotani bila kulowa miguu, amewavua nguo. Hawakai tena."

Kisha kamati ya bwawa ikataka shamba la kabichi. Wakaanza kutoboa ukingo ili maji yatoke. Magokoro akaenda kusimama mbele ya majembe.

"Mwenyekiti, mwanangu, ndege wana mayai. Maji yakiisha wataondoka."

"Mama, basi waambie wanunue gambuti."

Watu walicheka hadi wakaegemea majembe.

Maji yakawa tope, tope likakauka. Mbwa wakavuka, kenge wakavuka. Jumamosi moja, siku yetu ya Sabato, tukitoka kanisani tukakuta miti kimya. Mayai yaliyosalia yalikuwa baridi. Hakuna aliyeutaja ukingo. Waliuliza tu, "Huyu mama alijuaje?"

Hivyo ndivyo bibi yangu alivyoitwa omorogi, mchawi. Wanawake wa chama wakaacha kunywa chai yake. Tata, yaani baba yangu, akawa analala mlangoni kwake na panga, kwa hofu ya mtu wa kiberiti. Mlangoni, nje, kwenye umande, kwa sababu chinsoni haimruhusu mwanamume aliyeoa kulala ndani kwa mama yake. Hata tukiogopa kuchomwa, sisi tuna adabu.

Baadaye nikasoma mazingira chuoni. Digrii iko ukutani. Mimi nimetarmaki nikitafuta kazi mpaka soli imeisha, nikarudi nyumbani. Nilifundishwa kwamba maji ndiyo ua wa ndege hawa. Ukiyatoa, kila mwenye meno anaingia. Ni yale yale ya Magokoro. Nikawaeleza majirani, polepole, kwa Ekegusii, lugha yetu.

"Ehee," mmoja akasema, "kumbe na mjukuu amefundishwa."

Nimechoka, wallahi. Magokoro bado yuko hai, macho yamezima. Kila msimu ananiuliza, "Wamerudi?" Namwambia bado. Kisha anauliza kama kuna mtu aliyepita kunywa chai.

Sasa nyinyi wa kamati, mnajuana. Kabichi mlikula. Sidai ndege. Jumamosi hii simameni mbele ya kanisa mseme: ni sisi tuliotoboa ukingo. Na semeni kwa sauti, maana Magokoro amebaki na sikio moja.