Maganda Manne ya Atiir

Achol alinikabidhi chekeche la unga pale Kakuma, jipya, la waya laini, limefungwa kwa gazeti. "Mpelekee Mama Ekaale huko Lodwar," alisema. "Ile ya kwanza imetoboka."

Nilidhani ni habari ya chapati. Achol alikimbia vita Sudan Kusini, na sasa anauza nguo na mapambo kambini. Kwa miaka mingi mapambo yake mazuri kuliko yote yalitoka kwa huyo Mama Ekaale, yaani Atiir wa mtaa wa Kanamkemer: vikopo vya ugoro, vidani na njuga za watoto, vyote vya maganda ya risasi yaliyosuguliwa mpaka ukayadhania dhahabu.

"Siku hizi haleti kitu," Achol akaongeza. "Anachekecha tu."

"Anachekecha nini?"

"Enda utaona. Mimi sina mdomo ya kusema hiyo."

Lodwar nilifika jua likiwa kali, boda boda ikanishusha mlangoni pa Atiir. Alikuwa uani, ameketi mchangani, miguu ameinyoosha mbele yake.

"Ejok?" nilimsalimu kwa Kiturkana.

"Ejoka," alijibu bila kuinua macho. Binti yake, Nelly, ndiye aliyelipokea chekeche. Alilifungua, akacheka kicheko kisicho na furaha. "Achol naye! Tukimaliza hii mchanga yote, tutasonga ugali yake?"

Mama hakucheka. Alilichukua, akalijaza mchanga, akaanza kulitikisa.

Kazi ya Atiir ilihitaji ukwaju na uvumilivu. Maganda huletwa na wachungaji wanaoyaokota njiani kuelekea Kapedo au kwenye malisho ya mpakani upande wa Nadapal, meusi kwa moshi, mengine yamekanyagwa na ng'ombe. Ya chuma huyatupa. Ya shaba huyaloweka katika maji ya ukwaju, huyasugua kwa mchanga mwembamba wa mto, kisha huyafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya kondoo. Lakini kabla ya yote hung'oa kitovu. Ndivyo anavyokiita kile kisahani kidogo katikati ya kitako cha ganda, kinachogongwa na bunduki ili risasi itoke. Uchafu hujificha nyuma yake, na ganda lisilong'olewa kitovu huja kuota kutu ya kijani shingoni mwa mteja. Hukibandua kwa ncha ya msumari, kikaruka mchangani, naye hakitazami tena.

Mwisho kabisa hulitoboa ganda ubavuni. Hiyo ilikuwa sheria yake. Alikuwepo mtu wa pikipiki aliyekuja mara kwa mara kutafuta maganda masafi yasiyotobolewa, ya kupelekea watu wanaojua kuyajaza upya. Bei yake ilikuwa nzuri, na maneno yake matamu. Atiir alimjibu jambo lile lile kila mara: "Kwangu risasi ikikufa imekufa."

Kisha Ekaale, mwanawe, mwendesha boda boda, akapigwa risasi njia ya Kapedo akiwa amembeba abiria. Abiria alikimbilia porini, akapona, lakini hakuona sura ya mtu. Jamaa walipokwenda kuuchukua mwili, Atiir alikwenda nao. Wenzake walipokuwa wakimwinua marehemu, yeye aliona maganda manne ya shaba yamelala pamoja karibu na kichaka. Hakuna aliyekuwa akiyatafuta. Aliyafunga katika pembe ya shuka lake.

Msibani, askari mmoja alimwambia kwamba Nairobi kuna wataalamu wanaoweza kulitazama ganda wakajua limetoka bunduki gani. Bunduki ikijulikana, mwenyewe atajulikana. Kama anayo maganda, amletee mkubwa wa kituo cha polisi.

Atiir aliyajua maganda kuliko mtu yeyote pale msibani. Alijua kitakoni kuna herufi na namba, na kwamba chini ya masizi hazisomeki. Tena hakuwa mtu wa kuingia ofisi ya serikali na kitu kichafu mkononi, sembuse kitu cha mwanawe.

"Alisugua kama ni za harusi," Nelly aliniambia. "Nikamwambia Mama, pumzika. Akasema, wacha, wasisumbuke kusoma."

Alibandua vitovu, akaloweka, akasugua, akafuta, akarudia kufuta. Tundu la ubavuni tu ndilo hakulitoboa, ili yafike mazima.

Mkubwa wa kituo aliligeuza moja vidoleni, likameremeta dirishani. "Safi sana. Unauza ngapi, mama?"

"Si ya kuuza. Ni ya Ekaale."

Yule mkubwa aliliweka ganda mezani. Kisha alimgeukia Nelly, akaeleza kwa Kiingereza, taratibu, na Nelly ndiye aliyepaswa kuyatia maneno yale katika Kiturkana. Herufi zinataja kiwanda tu. Bunduki yenyewe huacha alama yake pale inapogonga, kwenye kile kisahani cha katikati, na mikwaruzo midogo kitakoni. Mikwaruzo ilikwisha kusuguliwa. Kisahani kiko wapi?

"Nilitafsiri polepole," Nelly alisema. "Nilitaka hayo maneno yachelewe kufika."

Tangu siku hiyo Atiir anachekecha. Ua wake umekula vitovu vya miaka yote ya kazi yake. Ukipiga hatua unavikanyaga. Hapo mbele yangu chekeche la Achol lilitoa vitovu tele, vyote na kibonyeo katikati, vyote vya rangi moja. Alichagua kimoja, akanishikisha.

"Nelly anasema unajua lugha nyingi. Hii inasema nini?"

Nilikigeuza. Nilikigeuza tena. "Sijui, Mama."

"Wewe pia."

Pikipiki ilisimama nje. Aliyeingia alikuwa mtu mwenye viatu vizuri, akisalimia kwa sauti kubwa. Macho yake yaliangukia kigoda, ambako yale maganda manne, aliyorudi nayo kutoka kituoni, yalikuwa yamepangwa wima juu ya kitambaa.

"Mama, leo umenikumbuka! Haya ndiyo nataka kila siku. Hayana kitovu, hayana tundu. Yako tayari kabisa kujazwa."

Atiir aliyatazama maganda kana kwamba mgeni ndiye aliyeyaleta. Ni kweli yalikuwa tayari. Hakuwahi kusafisha mengine vizuri namna ile.

Aliweka chekeche chini. Akachukua msumari na nyundo, akalilaza la kwanza juu ya jiwe.

"Mama, kesi!" Nelly alimkamata mkono. "Pengine Nairobi wataona kitu."

"Kesi gani?"

Nelly alimwachia. Nyundo ilishuka mara nne, bila haraka. Mtu wa pikipiki alitikisa kichwa, akasema mama huyu amerukwa na akili, akaondoka.

Atiir hakuyatunga kwenye uzi maganda yale. Aliyatupa katika debe la kazi, pamoja na mengine. Kisha akakung'uta chekeche mpaka waya ukabaki mtupu, akalifunga tena kwa gazeti lile lile.

"Mrudishie Achol," aliniambia. "Mwambie achekechee unga."